Kukarabati safu ya mizigo na kujenga kwenye kiwanja cha desimali tatu: mwongozo kamili

Vyumba vitano mstari mmoja, ukuta mmoja kati ya jirani na jirani, paa moja la mabati juu ya wote, kila chumba mlango mmoja na dirisha moja. Hapa Kampala tunaita mizigo. Mkenya angesema ploti, Mtanzania angesema nyumba ya kupanga, lakini nyumba ni ileile, na sehemu kubwa ya watu wa mji huu wamelelewa humo.

Mimi nilirithi safu kama hiyo Kawempe, kwenye mteremko unaoishia katika kinamasi cha Lubigi. Kando yake palikuwa na kipande kitupu cha desimali tatu kilichokuwa kimegeuka jaa. Mwaka wa kwanza nilianza na rangi. Nilipaka vyumba vyote krimu, nje kijani, watu wakanipongeza. Mvua za Machi ziliponyesha, rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, na kufikia Mei lipu ilikuwa sakafuni. Pesa ya kitanda cha hospitali cha mama yangu ilikuwa imeingia katika ile rangi, ndiyo maana naandika haya kwa uchungu: shilingi ya kwanza iende kwenye maji. Maji ya paa, maji ya ardhini, maji ya jirani, maji ya choo. Ukishayapa njia yote manne, kazi iliyobaki ni ya fundi wa kawaida.

Karatasi kabla ya jembe

Jua kwanza umesimama juu ya ardhi ya aina gani. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinatambua umiliki wa namna nne: wa kimila, frihodi (wa kudumu), mailo na lizi (wa kukodi kwa muda). Katika Kampala na Buganda kwa jumla utakutana sana na mailo, iliyozaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, na juu ya mailo hiyo utakuta watu wa kibanja. Mwenye mailo ana hati, mwenye kibanja ana haki ya kukaa. Aliyekuwa akiitumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye hati kumpinga analindwa na sheria, na marekebisho ya 2010 yaliongeza ulinzi huo. Lakini ulinzi wa kukaa si ruhusa ya kumwaga zege. Ukitaka kujenga cha kudumu juu ya kibanja, nenda kwa mwenye hati, lipa busuulu, yaani ada ya mwaka ya ardhi, weka risiti zote, upate idhini yake kwa maandishi. Bila barua hiyo maombi yako ya kibali yatakwama mezani.

Ukiwa unanunua, fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, uone jina la mwenye hati, mkopo uliowekewa ardhi hiyo, na kaveati (zuio lililosajiliwa juu ya hati) kama ipo. Usitosheke na nakala ya dalali. Kama muuzaji ana mke au mume na familia inaishi pale, idhini ya mwenzake ni sharti la sheria. Mkataba usio na sahihi hiyo ni kesi inayokusubiri. Majirani wa pande zote na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, washuhudie. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni asilimia 1.5 ya thamani, uuhesabu mapema.

Maduka ya mstari ya zamani, kama yale ya katikati ya Jinja, yana swali la ziada. Mengi yalikuwa ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya 1982 ilifungua njia ya kuwarudishia. Kabla hujatia nondo kwenye jengo la namna hiyo, fuatilia nani alirudishiwa, lini, na nani aliuza baadaye. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, usiweke pesa yako.

Kisha mwite mpima ardhi aliyesajiliwa afungue mipaka, majirani wakiwa wamesimama pale wanaona. Desimali moja ni sehemu moja ya mia ya eka, kama mita za mraba 40. Kile kiwanja cha madalali cha futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi. Changu cha desimali tatu kilikuwa mita 8 kwa 15, na kwa kiwanja kama hicho, nusu mita iliyoliwa na ua wa jirani ni chumba cha kulala kilichopotea.

Kibali ni cha lazima. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inataka kibali cha ujenzi kabla ya kuanza na kibali cha kukaa baada ya kumaliza. Kampala unapeleka michoro KCCA, mamlaka ya jiji. Kwingine ni jiji, manispaa au wilaya yako. Michoro ya msanifu peke yake haitoshi kwa ghorofa. Inatakiwa na ya mhandisi wa miundo. Ukibadilisha kuta za safu ya zamani, uliza pia, usidhani ukarabati hauhesabiwi.

Wapangaji wako

Safu yangu ilikuwa na familia tano. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 hairuhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na inazuia kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Panga hesabu zako ndani ya mipaka hiyo tangu mwanzo, usije ukakopa ukitegemea kodi iliyoruka mara mbili. Mimi nilifanya vyumba viwili kwa zamu. Nilimwachia mama mmoja chumba kilichokarabatiwa kwanza, akahamia, chake nikakifungua. Kazi ilichukua muda mrefu zaidi, ila hakuna mtoto aliyelala nje, na kodi haikukatika.

Isome nyumba mvua ikinyesha

Hiki ndicho kipande ninachokiomba usikiruke. Chukua mwavuli, tochi na kipande cha mkaa, ukae na nyumba siku ya mvua kubwa. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi, ya jirani wa juu yanapitia wapi, na yanatuama dakika ngapi baada ya mvua kuacha. Ingia ndani, chora kwa mkaa mstari wa juu wa unyevu kwenye kila ukuta, uandike tarehe.

Unyevu ukipanda kutoka chini kwa usawa na kuishia chini ya mita moja, na ukutani pana unga mweupe wa chumvi, huo ni wa ardhini. Ukishuka kutoka juu kwa michirizi, ni wa paa. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa gundi, uache siku tatu. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wako, ni mvuke wa pumzi na wa sigiri, na dawa yake ni tundu la hewa.

Nyufa nazo zisome. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu usikunyime usingizi. Ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha, au unaoshuka kwa ngazi kufuata matofali, unasema msingi umekaa vibaya. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta ya jasi, andika tarehe, usubiri msimu mmoja wa mvua. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea. Mlete mhandisi kabla ya fundi.

Chokonoa pia udongo ulioshika matofali. Ukitoka kwa msumari kama unga, safu yako imejengwa kwa tope. Itaishi miaka mingi ikitunzwa, ila usiipandishie ghorofa juu yake hata fundi akikuahidi nini.

Maji ya ardhini kwanza

Safu nyingi zilianza sakafu ikiwa juu ya ardhi, kisha miaka ya takataka na tope ikainua ua. Kwangu nje palikuwa juu kuliko sakafu kwa kiganja kizima. Tulichimba ua mpaka ukawa sentimita 15 chini ya sakafu, tukaweka kibaraza cha zege chenye mteremko wa kutoka ukutani, na mfereji wa wazi wenye mifuniko ya kuinulika. Mfereji uliozikwa kabisa utaziba na hutajua wapi.

Halafu ukuta. Kama hakuna tabaka la kuzuia unyevu, linaweza kuingizwa bila kubomoa. Fundi anakata kiungo kimoja cha mota (udongo au saruji inayoshika matofali) juu ya sakafu, kipande kisichozidi mita moja, anaingiza nailoni nzito ya kuzuia unyevu (DPC), anabana kwa vipande vya vigae na mota kavu ya saruji. Kisha anaruka mita mbili, anakata kingine. Vipande vya katikati vinasubiri mpaka vya kwanza vikauke. Fundi akitaka kukata ukuta wote siku moja ili amalize, msimamishe. Baada ya hapo bandua lipu yote yenye chumvi, nusu mita zaidi ya mstari wa mkaa, uache ukuta upumue wiki kadhaa kabla ya lipu mpya. Lipu ya saruji juu ya ukuta uliolowa hufungia maji ndani, ndilo kosa lililokula pesa yangu.

Maji ya jirani ni ya mdomo, si ya sululu. Gata ya Hajati anayekaa juu yangu ilimwaga kwangu miaka yote. Nilikwenda kwake na soda na michoro. "Assalaam aleikum, Hajati. Nimekuja tuongee habari ya maji." Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, maji hayana chuki na mtu, yanatafuta Lubigi tu. Yape njia nami nitachangia bomba." Tulikubaliana mfereji mmoja mpakani, tukaandika mbele ya mwenyekiti wa LC1, nakala tatu. Ningepandisha ukuta kimyakimya, maji yangemrudia, na leo tungekuwa mahakamani.

Paa na ukuta usiofika juu

Panda darini na tochi. Katika mizigo mingi kuta za kutenganisha vyumba huishia usawa wa kenchi, na juu yake ni uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Ndiyo maana unasikia jirani akikohoa, na ndiyo maana mshumaa ukianguka chumba kimoja, moto unapita juu ya vichwa vya watu wote kabla hawajaamka. Pandisha kila ukuta mpaka ubane mabati, uzibe matundu ya mawimbi ya bati kwa mota. Matofali machache kwa kila ukuta, kazi ya siku mbili. Kama pesa yako inatosha jambo moja tu baada ya mifereji, fanya hili.

Mabati huhesabiwa kwa geji, na namba ikipungua bati linakuwa nene. Geji 32 hukunjika kwa mkono na upepo hulifanya ngoma. Nunua 28 ukiweza, 30 ukibanwa. Mbao za zamani zigonge kwa nyundo, zikilia kama debe tupu, mchwa amekula ndani. Ukingo wa paa utoke nje sentimita 60 hivi ili ukuta usilowe.

Nyumba nyingine za zamani zina paa la asbesto, mashiti ya kijivu ya saruji yenye mawimbi. Usiyakate, usiyavunje yakiwa makavu, wala usiyatoboe kwa drili: vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Yalowanishwe, yateremshwe mazima, na mamlaka ya mazingira iulizwe pa kuyazika.

Weka gata na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 30, linaleta lita 1,800. Ondoa zinazopotea, bado 1,500 zinaingia tangini badala ya kwenye msingi.

Kuunganisha vyumba viwili

Familia sasa zinataka sebule na chumba cha kulala, choo ndani. Ukitoboa mlango kwenye ukuta wa kati, anza na nguzo: pitisha mihimili mifupi ya mbao ngumu kwenye ukuta, juu ya pale linta itakapokaa, uitegemeze pande zote mbili. Ndipo ukate. Linta iingie ukutani sentimita 20 kila upande, na nguzo zisiondolewe mpaka zege likomae. Fundi mmoja aliniambia kwamba ukuta wa kati "haubebi kitu". Nilimpandisha darini tukaona pamoja kenchi tatu zimeukalia.

Kile kiwanja cha desimali tatu

Kwenye mita 8 kwa 15, anza kuchora na ngazi. Sakafu hadi sakafu mita 2.8, ukipanda sentimita 17.5 kila hatua, ni mapandio 16. Kila kikanyagio kikiwa na sentimita 25, ngazi inakula karibu mita nne kwa urefu, na upana wake usipungue sentimita 90. Ukiiacha mwisho itaangukia katikati ya sebule. Kinachofuata ni hewa: nyumba nyembamba iliyobanwa na majirani pande mbili huoza katikati. Acha kiua kidogo cha wazi katikati au nyuma, madirisha yatazamane nacho, tundu za hewa juu ya kila dirisha, zenye wavu wa mbu. Acha pia kibaraza cha sigiri chenye paa. Hata mwenye gesi atapika maharage kwa mkaa, na moshi ukikosa kibaraza utaingia chumbani mwa watoto.

Chimba shimo la majaribio, tena zaidi ya moja. Juu ya vilima vya Kampala utakuta murramu, udongo mwekundu wa changarawe unaobeba vizuri. Bondeni utakuta mfinyanzi mweusi na maji, pengine na takataka zilizofukiwa. Kwangu jaa lilikuwa na kina cha mita moja na nusu na lote lilitolewa. Chini yake mhandisi alichora msingi wa bamba, zege moja chini ya nyumba nzima, kwa kuwa msingi wa mstari ungezama upande mmoja. Kama uko ukingoni mwa kinamasi chenyewe, sheria za mazingira zinakuzuia; ukinunua hapo unanunua mafuriko na amri ya kubomoa.

Ukichimba kando ya ukuta wa jirani, usifungue mtaro wote kwa mara moja, hasa ukienda chini ya msingi wake. Chimba mita moja, mimina, acha ikauke, ruka, rudi. Piga picha za nyufa zake kabla hujaanza, yeye mwenyewe akiwepo, ili baadaye msibishane kuhusu ufa wa miaka kumi. Chimba Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti. Mtaro ulio wazi mwezi wa Aprili ni kaburi.

Zege lisipimwe kwa beleshi. Tengeneza boksi la mbao la sentimita 30 kwa 30, kimo 39: linachukua lita 35, ujazo wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kwa bamba na mihimili, mfuko mmoja, boksi mbili za mchanga, nne za kokoto, au kama mhandisi alivyoandika. Saruji ya 42.5 kwa zege, ya 32.5 kwa kujengea na lipu. Mchanga upime kwa chupa inayoonyesha ndani: mchanga hadi nusu, maji yenye chumvi kidogo juu yake, tikisa, acha saa tatu. Tope litakaa juu kama krimu. Likizidi sehemu nane kwa mia ya mchanga, rudisha lori. Nilirudisha malori mawili, dereva akanuna, la tatu lilikuja safi.

Kisha mwagilia. Zege linywe maji siku saba kwa uchache, asubuhi na jioni, likifunikwa kwa magunia. Mbao za chini ya bamba zisitolewe kabla ya ruhusa ya mhandisi, hata kama mwenye kukodisha nguzo anapiga simu kila siku.

Choo

Eneo kubwa la Kampala halina bomba la maji taka, kwa hiyo shimo ni lako. Bondeni shimo refu hujaa maji ya ardhini na kinyesi hupanda juu msimu wa mvua. Ndiyo maana Bwaise unaona vyoo vya kupanda ngazi: karo, yaani tangi la kinyesi, limejengwa juu ya ardhi, likazibwa kwa zege pande zote. Jaribu ardhi kabla ya kuamua: chimba tundu la sentimita 30, lijaze maji, likinywewa lijaze tena, upime kasi. Maji yakibaki palepale baada ya masaa, shimo la kufyonza halitafanya kazi, jenga karo lisilovuja. Na uache njia ya gari la kunyonya. Karo zuri lililofungiwa nyuma ya nyumba, bomba lisipofika, litafurika.

Kumlipa fundi

Andikaneni kwa hatua: msingi, kuta hadi linta, mkanda wa zege, paa, lipu. Usilipe hatua ambayo hujaiona kwa macho na timazi. Tenga sehemu 15 kwa mia ya bajeti kwa yasiyotarajiwa, usimwambie fundi. Umeme uachie mtu mwenye leseni, kila mpangaji na mita yake ya Yaka, ya kulipia umeme kabla ya kutumia, na nyaya za ardhi zifike ardhini kweli, kwa maana radi za ukanda huu wa ziwa hazina huruma.

Zuia sehemu moja ya kumi ya malipo ya mwisho mpaka mvua kubwa ya kwanza, na iandikwe hivyo katika mkataba. Mvua hiyo ikija, mwite fundi mje pamoja, na mwavuli, tochi na kile kipande cha mkaa. Fuateni maji kutoka bati hadi gata, gata hadi tangi, ua hadi mfereji, mfereji hadi barabarani. Ingieni kila chumba, mguse ukuta chini kwa kiganja. Palipolowa chora duara, andika tarehe, na aanze kazi hapo kesho yake asubuhi.